Namba ya Siri ya Mama Pole

Kazini walimwita Mama Pole, maana kutwa alikaa na hedifoni masikioni akiwaomba radhi watu waliokatikiwa umeme. Hakuukata yeye, lakini matusi alikula yeye. Na kwake mambo yalikuwa yameharibika zaidi. Binti yake akisema ana njaa, mama alijikuta anajibu, "Tafadhali subiri, tunalishughulikia." Mara ya kwanza mtoto alicheka. Siku hizi alimtazama tu, na macho yale yalimtisha mama kuliko matusi yote.

Maji yalikuwa yamemfika shingoni. Asubuhi ile alijifungia bafuni, akawaza kwamba asipokuwepo labda nyumba itapumua. Akaliogopa wazo lile, akaapa kwamba leo leo lazima aongee na mtu.

Kampuni ilikuwa imebandika tangazo chooni, kule kule wafanyakazi walikokwenda kulia: "Afya ya akili yako ni fahari yetu. Piga namba hii, mshauri anakusikiliza. Ni siri." Wakubwa bwana! Wanauma huku wanapuliza.

Mchana alijibanza kwenye ngazi za dharura, akapiga.

"Asante kwa kupiga simu. Wewe ni muhimu kwetu. Nikusaidie nini?"

Sauti ile ilikuwa ya Kasuku, jirani yake wa meza, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hakuruka hata neno moja la maelekezo waliyopewa kuwasomea wateja. Mshauri hakuwepo kabisa. Namba ya siri ilikuwa imeunganishwa na chumba kile kile cha simu, simu zake zikiingia pamoja na za wateja bila alama yoyote, na msimamizi akisikiliza.

"Dada, ni mimi," alinong'ona. "Nimeshindwa. Naogopa kurudi nyumbani nikiwa hivi."

"Pole sana kwa usumbufu, mteja wetu." Kisha Kasuku akashusha sauti. "Dada, hata mimi nilipiga juzi. Nikashindwa kusema, nikawa nalia tu. Ulipokea wewe."

Mama Pole akakumbuka: mtu mwenye kwikwi, foleni ndefu, naye akambonyezea muziki wa kusubiri ili ahudumie wengine.

"Nisamehe, dada. Usikate, nakuomba."

"Sikati."

Nyuma ya Kasuku msimamizi alifoka, "Huyo anatuchelewesha! Mweke asubiri!"

Muziki ukaanza kupiga.