Meza Aliyoitandika Mama Mdogo

Mama Mdogo ndiye aliyefua vitambaa vya Meza ya Bwana katika kanisa letu tangu mimi sijajua kufunga kamba za viatu. Alivifua kwenye beseni ambalo halikuguswa na nguo nyingine yoyote, akavitia wanga, akavipiga pasi mpaka mikunjo ikasimama. Watu walimwita Mama Pasi, naye alilipenda jina hilo. Ukimpelekea shati alikurudishia na maneno juu: "Shati nimekunyooshea, tabia nyoosha mwenyewe." Lakini siku ya Meza, wenzake walipoinuka benchi kwa benchi kwenda mbele, yeye alibaki ameketi, mkoba mapajani, akijifanya anatafuta kitu ndani yake. Alikitafuta kitu hicho maisha yake yote ya ndoa.

Nasema ndoa, na wazee wa kanisa wangenisahihisha hapo hapo. Yeye na Baba Mdogo, fundi makochi, walikubaliwa na wazazi wa pande zote mbili, wakaanza maisha, wakisema kanisani wataenda mambo yakikaa sawa. Hayakukaa sawa. Mara msiba, mara karo, mara banda la kazi likaungua. Na kwa utaratibu wetu, anayeishi na mwenzake bila kufungishwa ndoa kanisani haruhusiwi kula mezani. Kufua kitambaa cha meza hiyo hiyo, ruksa. Kufagia na kuwapikia wageni chai, ruksa kabisa.

Njia ilikuwepo. Waliokwisha kuzaa walifungishwa ndoa asubuhi na mapema kabla ya ibada, bila shela, bila kwaya, bibi harusi amevaa nguo ya rangi asije akadhaniwa msichana. Mama Mdogo angeipita njia hiyo hata kwa magoti. Aliyekataa ni Baba Mdogo. Alimpenda mno mkewe, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

"Mke wangu haingii kwa mlango wa nyuma," alisema. "Ataingia na gauni jeupe, kwaya inaimba, na wambea wote wamekaa wanatazama."

Maneno matamu hayo. Siku hizi nikiyakumbuka nashikwa na hasira.

Miguu ya Mama Mdogo ikaanza kuvimba. Daktari akasema ni moyo, umechoka. Aliendelea kufua akiwa amekaa, akipumzika kati ya kitambaa na kitambaa. Mchungaji mpya, kijana mchangamfu, akaja kumjulia hali, akaketi kwenye kochi la mteja lililokuwa bado halijavalishwa kitambaa. Akamuuliza mbona hamwoni mezani. Mama Mdogo akamweleza yote bila kuinua macho.

Mchungaji akacheka kwa upole. "Mama, shela imeandikwa wapi? Pete je? Keki? Hata hayo ya nguo ya rangi ni desturi tu, watu waliyaanzisha wenyewe. Nitafutieni mashahidi wawili, nawafungisha ndoa hapa hapa sebuleni."

"Hata leo?" Mama Mdogo akauliza. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo.

"Hata leo, mama."

Sote tukamtazama Baba Mdogo. Akajikuna kidevu. "Mchungaji, nipe wiki moja tu. Gauni namshonea mwenyewe."

"Fundi, nioe na hili la jikoni," Mama Mdogo akasema. "Limetoboka kwapani, lakini mimi ndiye huyu huyu."

"Umengoja miaka yote, utashindwa na wiki?"

Mchungaji angeweza kukaza. Hakukaza. Alisema basi, wiki ijayo, akanywa chai yake, akaaga.

Baba Mdogo hakuwahi kushona nguo ya mtu maishani mwake. Cherehani yake ilizoea vitambaa vizito vya makochi, na satini ilichanika mikononi mwake kama karatasi. Alifumua, akaanza upya. Mishono akaipiga mara mbili mbili.

"Hilo gauni hata wakilikalia watu watatu halichaniki," nikamtania.

Mama Mdogo alicheka kitandani mpaka pumzi ikamkatika, tukamwinua kwa mito. Kila jioni aliuliza gauni limefika wapi.

"Bado mikono tu," mumewe akajibu.

"Nioe bila mikono, Fundi."

Hakuwa anatania tena, na mimi nililiona hilo usoni mwake. Kesho yake asubuhi alikata roho, chai yake kando ya kitanda bado ya moto. Baba Mdogo alikuwa bandani, anashona mkono wa pili.

Baraza la wazee likakaa. Likasema asiyekula mezani mwili wake hauingizwi kanisani, ataombewa uani. Nilimgeukia mchungaji mbele ya watu wote.

"Imeandikwa wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Dada, mimi mgeni hapa. Baraza limeshaamua."

Tulimvika lile gauni, mkono mmoja tumeushikiza kwa pini. Jeneza likawekwa uani juani, mlango wa kanisa umefungwa. Mzee mmoja akaomba haraka haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Kengele haikupigwa. Nililia kwa uchungu na kwa hasira, na sikujua kipi kilizidi.

Majuma machache baadaye, katibu wa baraza akaja bandani. Alikuja na habari njema, ndivyo alivyosema.

"Fundi, tumekaa tukalitazama suala lako. Sasa huishi tena na mwanamke nje ya ndoa. Huna kizuizi. Jumapili karibu mezani."

Baba Mdogo alizima cherehani. "Kwa hiyo kizuizi kilikuwa yeye?"

"Usilichukulie hivyo, mzee wangu. Ni utaratibu tu."

Nilidhani atamfukuza. Hakumfukuza. Jumapili alivaa suti aliyoiweka kwa ajili ya harusi, nikaenda naye. Benchi letu lilipoinuka, naye akainuka. Alikuwa hajala mezani tangu ujana wake. Alipiga magoti mbele, akapokea kipande chake cha mkate, akarudi polepole, akaketi pale Mama Mdogo alipokuwa akikaa. Kwaya ilikuwa ikiimba kwa nguvu. Aliniinamia sikioni.

"Mwanangu, nilikuwa nimesahau kilivyo kidogo," akasema, akanionyesha ukucha wa kidole chake cha mwisho. "Kipande cha hivi tu. Hiki ndicho walichomnyima."