Mikono Iliyojua Nusu

Mwanangu, kuna siku moja ambayo sitaisahau hata nikisahau jina langu mwenyewe. Nilikuwa juu ya lori linalotoka Mahagi kuja hapa kwetu Bunia, nimekalia marobota yangu ya vikwembe, vitenge vya kuuza, na nilijiona mtu mkubwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kabla jua halijalala siku ile nilikuwa nimejua udogo wangu wote.

Lakini nirudi nyuma kidogo. Sisi wazee tukisimulia tunaruka kama mbuzi wa milimani, nivumilie.

Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi, mama yangu alishikwa na uchungu nyumbani, na kidogo tumpoteze. Aliyemwokoa ni mkunga mmoja, mwanamke mfupi aliyekuja kwa baiskeli. Nilimtazama akinawa mikono polepole, bila hofu, wakati sisi wengine tunalia. Mdogo wangu alipozaliwa nikamwambia baba, "Mimi pia nitakuwa mkunga." Baba alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Hakucheka. Wakati ulipofika alinitia shule ya wauguzi, nikamaliza mwaka wa kwanza, nikamaliza wa pili. Wa tatu ndio ulikuwa wa kuingia materniti, wodi ya wazazi, kujifunza uzazi mgumu.

Hapo ndipo Imani, binti wa baba yangu mkubwa, aliporudi kutoka Mahagi. Alikuwa amevaa kikwembe ambacho Bunia hatujakiona bado.

"Dada, weye bado unabebaka tu makaratasi?" akaniambia. "Siye tuko tunaona dunia."

Nilicheka, ila neno lile liliniingia. Nikaomba ruhusa shuleni ya majuma machache, nikamfuata Mahagi kwenye biashara yake ya nguo. Majuma yakazaa miezi, na miezi ikazaa miaka miwili.

Usije ukasema bibi anachukia biashara, mwanangu. Imani alizaliwa nayo. Aliijua nguo kwa kuigusa tu, na hadi leo duka lake ni la kuheshimika. Ndoto ile ilikuwa yake. Mimi niliiazima tu, na nguo ya kuazima haisitiri matako.

Basi siku ile ya lori, tulifika kwenye daraja dogo la miti tukakuta miti miwili imevunjika. Wanaume wakashuka kukata mingine. Tulikuwa kule juu kwenye vilima, penye baridi na mashamba ya viazi, mbali na kituo chochote cha afya. Kati ya abiria alikuwamo Neema, mke kijana aliyekuwa akienda Bunia kuzalia kwa mama yake. Safari ilimtikisa. Alikaa kwenye majani kando ya barabara, na kabla miti haijakatwa akaanza kupiga kelele.

Wanawake wakatazamana. Imani, kwa nia njema kabisa, akasema kwa sauti, "Dada yangu huyu alisomaka uuguzi! Yeye anajua!"

Macho yote yakanigeukia. Nilikubali, ningefanyaje? Nikafungua robota moja, wanawake wakavishika vikwembe vipya kuzunguka pande zote kama ukuta, dereva akakimbia kwenye nyumba ya karibu kuomba maji ya moto. Nikanawa mikono. Nilijiambia kwamba kila kitu nitakikumbuka.

Kisha nikaona miguu. Mtoto alikuwa anakuja kwa miguu, si kwa kichwa.

Mwanangu, somo lile lilikuwa la mwaka wa tatu.

Nilitafuta kichwani mwangu, nikakuta patupu. Neema alinishika mkono, akaniuliza, "Dada, mutoto iko muzima?" Nikaona heri nifanye chochote kuliko kukaa bure, nikakamata ile miguu midogo ili nivute.

"Usivute!"

Aliyesema alikuwa mama mmoja mzee, Mama Rebeka, mwenye ile nyumba ya karibu, aliyekuja mwenyewe na maji yake. Alipiga magoti kando yangu. "Kama unavuta, kichwa itabaki ndani. Acha mutoto ashuke ye mwenyewe. Weye umupokee tu." Akaufunika mwili wa mtoto kwa kitambaa chenye joto, akaiweka mikono yangu chini yake. "Ngoja. Bado. Ngoja tena." Sijawahi kusikia neno gumu kama lile "ngoja". Baadaye akasema, "Sasa, umuinue polepole, kuelekea tumbo ya mama yake." Nikainua. Kichwa kikatoka. Mtoto alikuwa wa bluu, kimya. Mama Rebeka akampangusa mdomo, akamsugua mgongo, akamsugua tena, na mtoto akalia kwa hasira kama mtu aliyeamshwa vibaya.

Wanaume kule darajani wakashangilia. Mimi nikamfunga mtoto kwenye kikwembe kipya.

Tulipomaliza kumhudumia Neema, Mama Rebeka alininawisha mikono. "Ulisomaka wapi?"

"Bunia, mama. Lakini niliacha."

"Nani alikukataza?"

"Hakuna mutu."

"Ulikuwa mugonjwa? Baba alikufa?"

"Hapana, mama."

Alinipangusa mikono. "Mimi, hakuna mutu alinipelekaka ku masomo. Hii kidogo ninajua, mama mukwe wangu njo alinionyesha. Weye walikufungulia mulango, na unakaa inje. Mikono yako iko muzuri, haitetemeke. Lakini inajua nusu. Mama mwenye kuzaa atafanya nini na nusu?"

Nilikasirika, nisikufiche. Toka pale hadi Bunia nilitafuta jibu la kumrudishia, na barabara ile si fupi. Sikulipata. Tulipoingia mjini nilimwambia Imani, "Robota zangu uziuze weye. Mimi ninarudia shule." Alilia kidogo, halafu akanipa kikwembe cha kwenda nacho.

Shule walinipokea, ila walinirudisha mwaka wa pili. Nilikaa na wasichana waliokuwa watoto wakati mimi naanza, nao wakanipa jina la Mama Vikwembe. Nikaliitikia. Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge, hata kama wenzio wamekwisha kuoga wakaenda.

Usidhani njia ilinyooka baada ya hapo. Niliolewa, nikalea, tukakimbia vita mara mbili, na nimezalisha wanawake chini ya hema za plastiki kwa mvua. Wakaja watu wakanitaka kwa kazi ya ofisi, yenye gari na kiti cha kuzunguka. Nilikataa, mume wangu akanuna juma zima. Na nilipokuwa na mvi tele, daktari kijana, umri wa mwanangu wa mwisho, alinifundisha mashine ya ekografi, ile ya kumwona mtoto tumboni. Mara ya kwanza niliona mawingu matupu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nikainama kwa yule kijana mpaka nikaona moyo wa mtoto unapiga.

Sasa nikuambie wazi, maana nimezunguka vya kutosha. Jua ulichoitiwa, na ukijue kwa jina lake. Kabla hujamfuata mtu jiulize kama njia ile ni yako au ni yake. Leo mnashinda kwenye simu mkitazama walikofika wengine, na kila saa kuna Imani mpya anayewaita. Ukipotea, rudi. Aibu ya kurudi ni ya siku chache. Na ukifika usikae, endelea kujifunza hata meno yakianza kukuaga. Kuna mtu usiyemjua bado ambaye siku moja atakushika mkono, na atahitaji ukijue kitu chako chote.

Nenda, mwanangu. Mungu akutangulie penye madaraja mabovu, akupe watu wa kukukemea kwa upendo, na kazi ya mikono yako aifikishe mwisho. Amina.