Betri Zilizoanikwa Juu ya Bati, Kimwani

Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha. Asubuhi moja nilitoka nyumbani Kibeta bila kujua ninakwenda wapi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita. Mjini Bukoba nikasimama mbele ya duka la redio la familia moja ya Kihindi, nikimtazama mwenye duka akifungua redio kubwa.

"Unatazama au unaziba mwanga?" aliniuliza.

Nikasogea.

"Basi shika tochi."

Hiyo ndiyo iliyokuwa siku yangu ya kwanza kazini. Mwenye duka tulimwita Fundi Mkuu. Alinifundisha kwamba kifaa kikigoma, unaanza na umeme kabla hujalaumu kingine. Betri tuliipima ikiwa imefungiwa taa ndogo, yaani ikiwa na mzigo. "Betri ni kama mlevi aliyekaa," alisema. "Hali yake utaijua akisimama."

Alipofunga duka na kuhamia Mwanza aliniachia mita yake ya kupimia umeme. Nikaenda Maruku, kwenye kituo cha utafiti wa kahawa na migomba, chini ya mtunza stoo tuliyemwita Bwana Stoo. Huko ndiko nilikoona mara ya kwanza kompyuta za kubeba mkononi. Bwana Stoo alikuwa mtu mwema, lakini mimi sikai. Siku moja nilichukua mita na chuma cha kulehemu, nikapanda lori la kwanza lililosimama. Likanishusha Kimwani, Muleba.

Miaka hiyo ya Ukimwi watu walizika karibu kila wiki, na mgeni hakupokelewa haraka. Nilipouliza pa kulala, kila mtu alinielekeza kwa mwingine, hadi nikakutana na Bwana Shamba, afisa kilimo. Alipoiona mita, akanipakia kwenye pikipiki yake mpaka kwa Mwalimu wa shule ya pale, aliyekuwa na mashine iliyogoma.

Mwalimu alikuwa amemzika mkewe, naye alikuwa kitandani kwa ugonjwa uleule. Mikono haikuweza tena kushika kalamu, ila vidole viliweza kubonyeza. Padri wa parokia yao alikuwa amemwazima kompyuta ndogo, naye akawa anawaandikia wanawe watatu: mipaka ya kibanja chao cha migomba, ndugu wa kuwaamini, habari za mama yao. Siku hiyo kioo kilikuwa cheusi.

"Betri ziko wapi?" niliuliza.

"Juu ya bati," alijibu mama yake Mwalimu. "Tangu Jumapili. Mawingu yalikuwa yanakatiza."

Sote tulifanya hivyo. Betri za redio zikichoka, ulizianika juani zikapata nguvu kidogo. Lakini mashine ile haikuwa na diski. Maneno yalikaa kwenye kumbukumbu inayohitaji umeme hata ikiwa imezimwa. Ukitoa betri nne za nje, inabaki moja ndogo iliyolehemewa ndani, nayo hustahimili siku chache tu.

"Fundi, niambie ukweli," Mwalimu alisema. "Yamepotea?"

"Sijui bado. Usiguse swichi."

Zile za juani zilikuwa zimevimba na kuvuja, na za ukubwa ule hazikuwepo madukani. Nikafungua kifuniko, nikapima ile ya ndani. Ilikuwa imeshuka sana, lakini haijafa. Betri nne zile hufanya volti sita, na pikipiki za zamani, kama ile ya Bwana Shamba, nazo zilikuwa na betri ya volti sita.

"Ukiiunguza," Bwana Shamba alisema, "utanibebea miche ya migomba kichwani?"

"Nitakubeba na wewe."

Nikakwangua kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri. Nikaangalia chanya na hasi mara mbili, maana tundu la kuchomekea umeme la mashine ile lilikuwa na hasi katikati, kinyume cha redio nyingi. Mafundi wengi waliunguzia hapo. Ndipo nikaunga nyaya kutoka betri ya pikipiki, nikawasha.

Kioo kikawa kijivu. Kisha herufi zikatokea. Mwalimu akasoma kwa sauti: "Mgomba ulio karibu na kisima aliupanda mama yenu."



Sasa nimestaafu, kama fundi asiye na mwajiri anaweza kustaafu. Vijana huniletea kompyuta, nao huwa tayari kung'oa kila kitu. Nawaambia waulize kwanza kifaa kimebeba nini, na mwenyewe alikifanya nini kabla hakijagoma.

Siku ile nilimwambia Mwalimu kila kitu kinakiliwe kwenye karatasi, na nyaya zisitolewe hadi kazi iishe.

Mama yake akaniuliza, "Umefikia kwa nani, waitu, mwana wetu?"

"Sijafikia popote."

Akaingia chumba cha pembeni, akaanza kufagia.

"Na pikipiki yangu?" Bwana Shamba akauliza.

"Nayo inalala hapa," alijibu kutoka ndani.

Mwalimu alikuwa ameshaanza kubonyeza.