Kigoda Kisichotikisika

Jirani yetu hapa mtaani Murara ni karani wa ghala la kahawa. Kidole kimoja kina wino, kingine kina kovu la tezo. Akitoka kazini anavua tai, anaitundika msumarini, anakaa uani kuchonga vigoda vya miguu minne. Kila kimoja kikiisha, anaweka juu yake kikombe kilichojaa maji pomoni, kisha anasukuma kigoda kwa kidole. Tone likimwagika, anaanza upya. Miaka yote alitugawia bure, nasi tukavikalia bila hata kushukuru, mpaka wazungu wa hoteli za ziwani walipoanza kununua.

Juzi madame mmoja, mke wa agronomi Mbelgiji, yule bwana wa kilimo, alirudisha chake. Alikikalia mbele yetu, akajitikisa kulia, akajitikisa kushoto, kigoda kikakataa kutikisika.

"Hii ni ya mashini," akasema. "Mimi nilitaka kitu ya mukono."

"Madame, ni mukono yangu."

"Hapana. Ya mukono inatikisika kidogo."

Jirani aliiangalia mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. "Ndiyo, madame," akajibu kwa sauti ile ile ya ghalani, akaenda na msumeno nyuma ya nyumba, akafupisha mguu mmoja huku amefumba macho, kama mtu anayechinja kuku aliyemlea mwenyewe. Madame alikaa, akayumba, akapiga makofi, akaagiza vingine sita.

Sasa boyi wake wa nyumbani anatusimulia kwamba kila asubuhi, kabla ya kuweka kahawa ya bwana juu ya kigoda, anasukuma karatasi iliyokunjwa chini ya mguu ule mfupi. Wageni wakija, madame anamwambia aitoe.