Sweta la Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kutoka milimani akiwa na kitenge kimoja na redio isiyo na betri. Nyumba yake ilikuwa imechomwa vitani. Alifika kwetu Musaga, mtaa wa pembeni mwa mji, mchana wa jua kali, akakaa kwenye kiti cha mume wangu, akasema kwa Kirundi kwamba anasikia baridi. Tulidhani ni homa. Tukampeleka zahanati, wakampima, hawakuona kitu. Aliporudi alikaa palepale, mikono ameikumbatia kifuani.

Nilimnunulia sweta la mitumba. Alilinusa, akanirudishia.

"Mwanangu, mimi sivai nguo ya mtu nisiyemjua. Labda naye alikufa."

Basi nikaamua kumfumia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, si fundi. Masista walitufundisha kufuma nilipokuwa msichana, lakini kitu pekee nilichowahi kumaliza ni skafu, na skafu haina mikono wala shingo. Sindano zangu za zamani nilikuwa nazo bado. Uzi ndio uliokuwa shida. Madukani ulikuwa umeadimika, na uliobaki ulikuwa wa rangi za watoto wachanga. Nikajificha chumbani kulifumua lile sweta la mitumba, la kahawia. Mama mkwe akaingia kuchukua mkeka wake, akanikuta nimezungukwa na uzi umejikunjakunja sakafuni. Nilingoja anikemee. Akakaa chini, akaokota ncha ya uzi, akaanza kuuviringisha kuwa donge.

"Ukishafumuliwa si wa mtu tena," alisema.

Toka siku ile kazi ya madonge ikawa yake.

Yangu ilikuwa kuchoka. Walimu wenzangu wengi walikuwa wamekimbia, kwa hiyo nilifundisha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, nikigeuka huku na huku mpaka sauti inakauka. Mafuta yalipokosekana mabasi yalisimama, nikarudi kwa miguu, nikakimbilia maji na kupika kabla saa ya kutotoka nje haijafika. Ule muda mfupi wa mwanga uliobaki niliketi mlangoni na sindano. Macho yalifunga yenyewe. Nikizinduka, mshono umeanguka chini kabisa, safu zote za juu yake hazina maana. Nafumua. Kesho yake nafuma palepale. Uzi uliofumuliwa mara nyingi unachoka kama mtu: unakonda, unatoa manyoya, unakatika ukiuvuta kidogo tu. Mgongo wa lile sweta ulijaa mafundo.

Jirani yetu, mama mmoja wa Uvira aliyekuwa akiuza dagaa, alisimama siku moja kuniangalia.

"Dada, we unafuma ao unafunga mafundo?"

"Nafuma mukono."

"Uyu mukono ni wa mutu gani? Apana, iyi ni ya tembo!"

Nilicheka, halafu nikataka kulia. Akaweka beseni lake chini, akanionyesha namna ya kupunguza: chukua mishono miwili pamoja, ifume kama mmoja, mwanzo na mwisho wa safu. Alinionyesha tena, na tena, bila haraka, samaki wake wakizungukwa na nzi. Nikafumua ule mkono wa tembo wote.

Mume wangu, karani pale bandarini, alirudi jioni ile akaona donge limekuwa kubwa tena.

"Utamaliza vita vikiisha," alisema.

Hakuwa ananitania. Sisi wote wawili hatukuwa na nguvu za utani.

Ulibaki mkono mmoja tu siku milio ya risasi ilipoanza asubuhi mlimani juu yetu, karibu kuliko tulivyozoea. Watu walijaa barabarani na magodoro vichwani. Mume wangu alikuwa ameshaenda kazini. Nilibeba sufuria na vitambulisho. Mama mkwe alijitwika mfuko wa kufumia, sikumwambia. Tukatembea, tukapita mjini, kuelekea Gihosha, upande wa pili wa mji, kwa dada yangu.

Njiani kulikuwa na kizuizi. Askari aliufungua mfuko, akachomoa ule mkono na sindano zake.

"Hivi vyuma ni vya nini?"

"Vya kufuma sweta, shefu."

"Fuma nione."

Nikafuma nimesimama, watu wakinisukuma mgongoni. Aliangalia mpaka mwisho wa safu. Kisha akazivuta sindano zote mbili.

"Vyuma vinabaki. Uzi chukua."

Mishono ikabaki wazi, ikingoja kufumuka. Mama mkwe alinipokonya ule mkono, akaubana ukingo wake kwa vidole vya mikono yote miwili, akatangulia. Alitembea hivyo hadi Gihosha. Hakukubali nimpokee. Tulipofika, dada yangu alileta uzi wa kushonea tukaupitisha ndani ya kila mshono, na mama mkwe ndipo akaachia. Vidole vyake vilikataa kunyooka kwa muda. Jioni mume wangu naye akatufikia kutoka bandarini.

Shemeji, mume wa dada, alinichongea sindano kutoka spoku za baiskeli mbovu, akazisugua kwenye saruji mpaka zikalainika. Zilikuwa nyembamba kuliko zangu, kwa hiyo nusu ya mkono ule ilitoka imebana. Nilimaliza sweta hapohapo, kwenye nyumba iliyojaa watu, watoto wa dada wakilala miguuni pangu. Vifungo havikufanana.

Mama mkwe alilivaa. Mkono mmoja ulimfika kwenye vidole, akaukunja. Hakunisifu, na sikutegemea. Alikaa kibarazani jua likimpiga usoni, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni.

"Bado unasikia baridi?" nikamwuliza.

Alijipapasa mabega.

"Mgongoni hapana."

Jumapili baada ya misa, mwanamke mmoja aliligusa lile sweta akamwuliza mama mkwe limenunuliwa wapi. Akajibu, "Halikununuliwa. Mke wa mwanangu alilifuma." Nilikuwa nyuma yao. Nilitaka kufurahi, lakini usingizi ulikuwa mwingi kuliko furaha. Tulipofika nyumbani kwa dada nilijinyoosha kwenye mkeka na nguo zangu za kanisani, nikalala mchana wote, na hakuna aliyeniamsha.