Sahani Mbili, Meza Moja

Hoteli mpya ya Korogwe ilikuwa na uma, nami nilikuwa na suruali ya bugaluu. Tukapatana kabla hatujaonana.

Habari zake nilizipata kwa dereva wa lori. Alisema imefunguliwa katikati ya mji, hatua chache kutoka stendi. Ina meza zenye vitambaa vya plastiki vya maua, bomba la kunawia mikono palepale ukutani, na ubao mweusi ambao kila asubuhi huandikwa kwa chaki vyakula vya siku. Hapo kwenye chaki ndipo aliponimaliza. Mimi nilikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa, Handeni, upande wa Kwaluguru, na kitu chochote kilichoandikwa kwa chaki nilikiona ni cha ukoo wangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilijua kila kitu. Sijawahi tena kujua mambo mengi kama nilivyoyajua mwaka ule. Jioni niliwafundisha wazee kuandika majina yao, na wakishachoka mikono niliwaongezea hotuba ya bure juu ya mila zilizopitwa na wakati. Walinisikiliza kwa adabu, maskini. Siku moja bibi mmoja akaniuliza, "Mwalimu, hivi wewe umeshaoa?" Darasa zima likaangua kicheko, nami nikageuka kufuta ubao uliokuwa mtupu.

Sikuwa nimeoa, na hapo ndipo palipokuwa na kidonda. Nilimpenda binti mmoja wa kitongoji cha jirani, anayecheka kwa sauti bila kuziba mdomo, nikamtuma mshenga kupeleka posa. Baba wa binti alikwishafariki. Wajomba walimpokea mshenga vizuri, wakala naye, kisha wakasema jambo lote wamemwachia mama yake. Atakalosema yeye ndilo. Mama hakusema. Mwezi wa kwanza hakusema, wa pili hakusema, wa tatu nikaanza kukonda. Halafu nikasikia kwamba karani mmoja wa shamba la mkonge naye ametuma mtu wake. Karani mwenye baiskeli, na baiskeli yenye taa! Mimi taa yangu ilikuwa kibatari.

Basi siku hiyo nikatumwa Korogwe kuchukua madaftari na chaki. Alfajiri napanda lori, namwona nani? Mama mwenyewe, amekaa juu ya gunia la mahindi, kifurushi mapajani. Alikuwa anakwenda Mombo. Binti yake mkubwa alikuwa amejifungua.

"Shikamoo mama!" nikaita kwa furaha hadi lori zima likanigeukia.

"Marahaba," akajibu, akilitazama tairi la akiba.

Akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso, akanipa bega. Njia nzima, mashimo na vumbi lile, hakuyainua macho yake kwangu hata mara moja. Nikajisemea, basi tena, huyu keshampa karani.

Mtu mwenye akili angeshuka Korogwe, akaaga, akaenda zake kuchukua chaki. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Tulifika kama saa tano, na basi la Mombo lilikuwa la saa sita. Nikaona Mungu kanifungulia mlango, na mlango wenyewe ulikuwa na pazia jipya la shanga. Nitamkaribisha mama hotelini, nikasema moyoni. Ataniona nilivyo mtu wa mjini. Akifika Mombo ataulizwa habari za safari, na habari zenyewe zitakuwa mimi.

Hapa nijitetee kidogo. Mila niliijua. Kwetu mtu na mama wa mke wake hawali pamoja, wala mmoja hamwoni mwenziwe akitafuna. Ni aibu, na aibu hiyo ndiyo heshima yenyewe. Ila nilikuwa na hoja zangu za chuoni. Mimi si mkwe, posa haijajibiwa. Na hata ningekuwa mkwe, hotelini hakuna wakwe, kuna wateja.

"Mama, twende tukapate chakula kidogo," nikasema.

"Sina njaa, mwanangu."

Tangu alfajiri hakuwa ametia kitu kinywani, nilimwona kwa macho yangu. Nikasisitiza. Akakataa tena, kwa upole. Nikachukua kifurushi chake nikatangulia, kwa kuwa nilijua hawezi kukiacha kifurushi chenye nguo za mjukuu. Huo ndio ulikuwa ustaarabu wangu. Akanifuata kwa nyuma, hatua kumi hivi, kama tusiojuana.

Ndani ilikuwa kama nilivyoambiwa, na zaidi. Kulikuwa na feni kubwa darini, haizunguki, lakini ipo. Wateja walikuwa wamejaa kiasi: wauza vitunguu walioteremka kutoka Lushoto, vijana wawili wa mkonge, na watu wa safari. Mhudumu, mwanamume mwenye koti jeupe, akatujia. "Karibuni ndugu. Ndugu mama, karibu kiti." Mama akakaa ukingoni mwa kiti, upande upande, uso kauelekeza mlangoni kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Mimi nikamsomea ubao. Nikasoma kwa sauti ya darasani, kutoka juu mpaka chini, na pale walipoandika "maaragwe" nikamwita mhudumu nikamweleza kosa lake. Akanishukuru. Sasa nikikumbuka jinsi alivyonishukuru, natamani ardhi ipasuke. Nikaagiza wali kwa nyama, sahani mbili.

Zikaja, moshi unapanda, zikawekwa moja mbele yangu, moja mbele yake. Nikanawa kwanza pale bombani ili watu wanione nalijua bomba, kisha nikarudi nikashika uma.

"Bismillahi. Karibu mama."

Mama akaifunika midomo yake kwa upindo wa kanga. Hakugusa.

"Mama, chakula kinapoa."

Akauvuta upindo zaidi. Macho yalikuwa mlangoni.

Angenyamaza mtu mwingine. Mimi nikatoa hotuba. Lahaula! Nikamwambia kwamba siku hizi sote ni ndugu. Nikamwambia kwamba mambo ya kuoneana haya wakati wa kula ni ya zamani, taifa haliwezi kujengwa na watu wanaokula wamejificha. Neno taifa nililitamka kwa nguvu, na uma ukiwa na kipande cha nyama juu yake, kikaruka kikatua katika chai ya muuza vitunguu wa meza ya jirani. Muuza vitunguu akakitazama, akanitazama mimi, akakitoa kwa vidole, akakila. "Endelea, mwalimu," akasema. Hoteli nzima ilikuwa imeacha kutafuna.

Mama akainuka. Hakuchukua sahani wala kifurushi. Alipita kati ya meza ameinamisha kichwa, akaingia mlango wa nyuma, kunakotoka moshi.

Nilibaki na sahani mbili. Niseme ukweli, kama si bugaluu na watu wale ningelia. Miezi mitatu nimengoja jibu, na jibu nimepewa mbele ya wauza vitunguu. Amenichukia kiasi cha kushindwa kukaa nami meza moja! Nikamwona yule binti amepakiwa kwenye baiskeli, taa inawaka mchana. Wali ulikuwa mbele yangu, nikausukuma kando kwa uma.

Punde mpishi akatokea mlango wa jikoni, mwanamke mnene, mwiko mkononi, jasho linamtiririka.

"Yule mama aliyeingia jikoni, mkwe wake ni nani hapa?"

Wateja wakatazamana.

"Nauliza tena. Mama anataka sahani yake. Anasema kaiacha meza ya mkwe wake."

Watu wote wakanitazama mimi. Nami, kwa elimu yangu yote, nikasimama kumsahihisha.

"Samahani mama mpishi, hapana mkwe hapa. Mimi ni mwalimu tu. Posa nimepeleka, lakini haijajibiwa."

Kwanza alinitazama kama anayeangalia chungu kilichopasuka. Kisha akaja mpaka mezani, akaichukua sahani ya mama.

"Baba, wewe ni mtu wa wapi?"

"Handeni."

"Handeni! Halafu hujui? Mama wa watu kaacha meza yenye maua, kaja kuchutama kwenye moshi wangu, na njaa yake, asije akatafuna mbele yako. Angekula hapa, ungejua huna chako, wewe ni kijana tu aliyekutana naye njiani. Unataka ujibiwe mara ngapi? Akuandikie ubaoni?"

Loo! Kicheko kilichopigwa mle ndani nadhani kilisikika mpaka stesheni ya reli. Muuza vitunguu akanyanyuka akanipa mkono, "Hongera bwana harusi," na mkono ule ulikuwa bado na mchuzi wa nyama yangu. Mhudumu naye akanipa hongera, kwa heshima ileile aliyonishukuru nayo. Mimi nilikuwa nimesimama, uma mkononi, machozi yananitoka, na safari hii sikuyazuia. Nilikumbuka lile bega kwenye lori na zile hatua kumi nyuma yangu. Tangu alfajiri yule mama alikuwa akinijibu, na mimi nilikuwa nikimwomba, kwa hotuba, anikatae.

"Na amesema umalize wali wako," mpishi akaongeza akiwa mlangoni. "Anasema umekonda."

Nikala. Nilikula kwa mkono, nimeinama, bila kumsahihisha mtu.

Lakini muda wa kula nilikuwa nimeumaliza kwa kuongea. Mama hajapiga hata matonge matatu, honi ya basi la Mombo ikalia. Mpishi akamfungia nyama na chapati katika karatasi, na mama akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta amekwisha kukaa dirishani. Nikampa kifurushi chake kupitia kwa kondakta, siyo mkono kwa mkono. Walau hilo nilikuwa nimejifunza.

Basi halikuondoka mara moja, lilikuwa likingoja abiria wawili. Nikasimama chini ya dirisha napunga mkono kama mtoto, meno yote nje. Mama alikuwa ameshika karatasi ile mapajani, anatazama mbele. Mafuta yalikuwa yameanza kupenya. Haifungui. Mama yule alikuwa na njaa tangu alfajiri, chakula kiko mikononi mwake kinanukia, na hakifungui. Nikapunga zaidi. Nilikuwa na furaha mno, sikutaka aondoke bila kuniona nina furaha.

Ilinichukua muda, mimi mwalimu, kuelewa anangoja nini.

Nikageuka. Nikaupa mgongo wangu dirisha lile, nikawa natazama ukuta mpya wa hoteli, rangi yake bado inanuka. Mkono nao sikuushusha, niliendelea kupunga vilevile.

"We ndugu," kondakta akapiga kelele huku injini ikinguruma, "basi liko huku! Unauaga ukuta?"

"Namuaga mkwe wangu," nikamjibu, na sikugeuka mpaka basi liliposhika barabara ya Mombo.