Tenga la Alhamisi

Nilisikia kikohozi kabla sijafumbua macho. Kilikuwa kidogo na kikavu, nikadhani ni bibi yangu chumba cha pili. Kikaja tena, na safari hii kilitoka nje, bandani. Nilipofungua banda nilimkuta kuku tembe mwekundu amejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, na chini yake kinyesi cha kijani. Mama alikuwa ameshasimama nyuma yangu.

"Kideri," akasema, kama mtu anayetaja jina la jirani. Ndio ugonjwa unaomaliza banda zima kwa siku chache.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tenga.

Kwetu ni Kisauni ya ndani, kupita Mishomoroni, pale nyumba zinapokwisha na mihogo inapoanza. Kina mama kumi na mmoja walikuwa wameungana kwa sababu hoteli moja ya Bamburi haikutaka kuku wanne wa mtu mmoja. Ilitaka wengi, kila wiki, bila kukosa. Basi tenga moja kubwa la fito lilianzia kwetu asubuhi, likapita nyumba baada ya nyumba likijazwa, hadi kwa mwenyekiti aliyekaa karibu na barabara. Lilikuwa na sheria moja: halipiti nyumba bila kuchukua kitu. Mwenye kuku mmoja atatoa huyo mmoja. Mama ndiye aliyeitaka sheria hiyo, ili mnyonge asiachwe. Tenga lilirudi na manyoya ya wiki iliyopita yamenasa kwenye fito, na hakuna aliyewahi kuliosha.

"Tumwondoe huyu," nilimwambia Mama. "Wengine wazima. Nani atajua?"

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, na kuku hao ndio waliotulisha. Mama alichukua ufagio akafagia ua aliokwisha kuufagia.

"Hodi! Mbona kwaya ya leo haiimbi?" Alikuwa mwenyekiti, tenga kichwani. Kwaya ndilo jina alilowapa majogoo wetu.

"Simama hapo hapo, dadangu. Tenga lisiingie."

"Wewe! Sheria yako mwenyewe?"

"Nina kideri."

Mwenyekiti alicheka, kisha akaona hatucheki. Akalitua tenga mlangoni.

"Tangu lini?"

"Nimeona leo. Lakini wiki jana lilianzia hapa."

Alizihesabu kwa vidole nyumba ambazo tenga lilipita, midomo ikicheza. Ya mwisho ilikuwa yake.

"Hoteli nitaiambia nini?"

"Iambie ukweli."

"Ukweli hauliwi, mwenzangu."

"Wala mzoga."

Akaguna. Nilitazama chini, maana neno lile lilinijibu na mimi niliyetaka tuuze waliobaki. Kisha akaomba maji ya sabuni. Mama alimmiminia miguuni, naye mwenyekiti akasugua nyayo na ndara zake, upande wa juu na wa chini, polepole, kama anayejiandaa kwenda kanisani.

"Hilo tenga lichome," mwenyekiti aliniambia. "Na kuku asitoke hapa, hata wa kupikia wafiwa. Mimi nakwenda kuwaambia wenzetu, nyumba kwa nyumba. Nitasimama nje."

"Na sisi?" Mama aliuliza. "Bado tumo?"

"Kwanza tuone nani atabaki na kuku."

Mlango wetu wa mabati haukuwahi kufungwa mchana. Alipotoka aliuvuta nyuma yake, akausukuma kwa bega mpaka ukashika.